Peni 63 kila Februari

Ghasia za Oxford za Februari 1355 kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha walevi. Wasomi wawili waliingia kilabuni, wakaletewa mvinyo wasioupenda, wakagombana na muuzaji, na kufikia siku ya tatu watu wanaokisiwa kufika tisini walikuwa maiti. Kisa hiki kinapendwa kwa sababu mwanzo wake unachekesha na mwisho wake unatisha, tena hakimsumbui msomaji kufikiri. Ukishataja pombe, nani ataendelea kuuliza? Kwa maoni yangu mvinyo ule umebebeshwa mzigo usio wake. Mji ulikuwa umeshachanika zamani kwa kodi za nyumba, kwa mahakama mbili zisizoheshimiana na kwa ubishi wa nani akague mkate na bia. Na suluhu iliyoletwa baada ya damu kumwagika ilielemea upande mmoja kiasi kwamba pande hizo mbili, mji na chuo kikuu, zilikuja kupeana mkono kwa sherehe miaka 600 baadaye.

Tuanzie kilabuni. Kiliitwa Swindlestock, na kilikuwa Carfax, pale njia kuu nne za Oxford zinapokutana. Leo pana benki na kibao ukutani. Ilikuwa Jumanne, tarehe 10 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Skolastika, dada yake Benedikto, ambayo masista wa Kibenedikto wa Ndanda na Peramiho wanaiadhimisha mpaka leo. Mezani walikuwapo Walter Spryngeheuse na Roger de Chesterfield pamoja na wenzao. Watu hawa hawakuwa vijana wa mwaka wa kwanza waliotoka kijijini na fedha zao za kwanza mfukoni. Walikuwa makasisi wenye parokia zao huko kusini-magharibi mwa Uingereza, na kipato cha parokia ndicho kilichowaweka masomoni. Walimwambia muuzaji, John de Croydon, kwamba mvinyo wake haunyweki. Muuzaji akawajibu kwa jeuri. Maneno yakapanda, mvinyo ukamrukia usoni, na chombo chake kikafuata kichwani.

Ungeweza kuishia hapo, kwa nundu na vitisho viwili vitatu, kama kilabu kile kingekuwa mali ya mtu wa kawaida. Lakini mwenye nacho alikuwa John de Bereford, na John de Bereford ndiye aliyekuwa meya wa mji. Mteja anayelalamikia kinywaji cha meya atakwenda kumshtaki kwa nani? Na meya naye, akitaka waliompiga mtu wake wakamatwe, alijua fika kwamba mkono wake hauwafikii. Alilazimika kwenda kumwomba mkuu wa chuo, Humphrey de Cherlton, awashughulikie watu wake mwenyewe. Mkuu wa chuo hakuwakabidhi.

Jambo hili la nani anaweza kumkamata nani ndilo kiini cha ugomvi wote. Kwa sheria ya wakati ule mwanachuo alihesabiwa kuwa mkleri, hata kama alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano asiye na nia yoyote ya upadre. Alinyolewa utosi, akavaa kanzu, na kuanzia hapo mahakama ya mji haikuwa na uwezo wa kumnyonga. Kesi yake ilisikilizwa na mkuu wa chuo. Tangu 1244 mkuu huyo alipewa pia mamlaka juu ya madeni, kodi na manunuzi ya chakula pale mwanachuo alipohusika. Mwoka mikate aliyedai fedha zake, basi, aliwasilisha dai lake mbele ya hakimu aliyekuwa mkubwa wa mdaiwa. Huhitaji kuwa mwanasheria kujua jinsi mwoka mikate huyo alivyolala usiku wake.

Kwenye nyumba mambo hayakuwa tofauti. Chuo hakikuwa na mabweni ya kutosha. Sehemu kubwa ya wanachuo waliishi katika nyumba za kupanga: mwalimu mmoja alikodi nyumba ya mtu wa mjini, akaijaza vijana, akawasimamia. Kodi ilipangwa na kamati ya walimu na wenyeji, na nyumba ikishazoeleka kuwa ya wanachuo, mwenyewe hakuweza kuirudisha mikononi mwake kirahisi hata akipata mpangaji wa bei nzuri zaidi. Upande wa pili nao ulikuwa na kilio chake, na haukukosea. Wauzaji walipandisha bei, walipunja vipimo, waliuza nyama iliyooza na mvinyo uliochacha kwa vijana wageni ambao hawakuwa na soko jingine la kwenda. Kila upande ulikuwa na haki nusu, na hapakuwa na mtu aliyekaa katikati.

Halafu ilikuwapo kumbukumbu. Mwaka 1209 mwanachuo mmoja wa Oxford alimuua mwanamke wa mjini, akakimbia. Wenyeji, kwa ruhusa ya Mfalme John, wakawakamata waliokuwa wakiishi naye nyumba moja, watu wawili au watatu ambao kosa lao lilikuwa kupanga pamoja na muuaji, wakawanyonga. Walimu na wanafunzi wakaukimbia mji. Baadhi yao walifika Cambridge wakaanza kufundisha huko, na ndio asili ya chuo kikuu cha pili cha Uingereza. Miaka mitano baadaye, mfalme akiwa amesalimu amri kwa Papa, mjumbe wa Papa akatoa hukumu: kodi za nyumba za wanachuo zipunguzwe kwa nusu kwa miaka kumi, mji utoe shilingi 52 kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi maskini, na kila sikukuu ya Mtakatifu Nikolai uwalishe mia moja kati yao mkate, bia, supu na kitoweo cha samaki au nyama. Katika hati hiyo ya 1214 ndimo anamotajwa mkuu wa chuo wa Oxford kwa mara ya kwanza. Ajabu ni kwamba cheo kile kinaonekana kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya adhabu ya wenyeji.

Paris ilipitia njia hiyohiyo, na mara mbili. Mwaka 1200 mtumishi wa mwanachuo mmoja Mjerumani aligombana kilabuni, wanachuo wakampiga mwenye kilabu, mkuu wa polisi wa mfalme akaongoza wenyeji kulipiza, watu wakafa, na Mfalme Philippe Auguste akawapa wanachuo hati ya kinga. Mwaka 1229, siku za karamu za kuelekea Kwaresima, ugomvi ulikuwa juu ya bei ya mvinyo. Wanachuo walipigwa, wakarudi kesho yake na marungu, walinzi wa serikali wakaua kadhaa, na walimu wakagoma na kutawanyika. Mgomo ulidumu hadi 1231, pale Papa Gregori wa Tisa alipotoa hati iliyowapa walimu wa Paris haki rasmi ya kusimamisha masomo wakidhulumiwa. Wanaodhani mgomo wa chuo ni uvumbuzi wa jana wanaweza kuanzia hapo.

Mtu wa Oxford wa 1355 alikuwa ameshasikia hadithi hizi zote tangu utotoni, na somo lake lilikuwa wazi kwake: wao wakikosa, tunalipa, sisi tukikosa, tunalipa. Ongeza tauni kuu iliyopita mwaka 1348 na 1349, ikafyeka watu, ikaacha nyumba tupu. Ongeza sheria ya 1351 iliyowakataza vibarua kudai ujira wa juu kuliko wa kabla ya tauni. Ongeza ufumaji wa nguo, uliokuwa umeulisha mji na sasa ulikuwa umeporomoka, ukiwaacha wenyeji wakitegemea mifuko ya wanachuo haohao waliowachukia. Hali ilikuwa imeiva siku nyingi kabla ya Jumanne ile.

Jioni hiyo wenyeji waligonga kengele ya Kanisa la Mtakatifu Martin, lililosimama hapohapo Carfax na ambalo lilikuwa kanisa la mji. Chuo kikajibu kwa kengele ya Kanisa la Mtakatifu Maria, lililokuwa kanisa lake, mwendo wa dakika chache kutoka pale. Kila kengele iliwatoa watu wake ndani na pinde zao. Usiku uliingia bila mtu kufa.

Jumatano asubuhi mkuu wa chuo alitangaza kwamba asionekane mtu na silaha. Meya alikuwa amepanda farasi kwenda Woodstock, alikokuwa Mfalme Edward wa Tatu. Wakati huohuo kundi la wenyeji wenye pinde na mishale liliwavizia wanachuo waliokuwa matembezini nje ya kuta za mji upande wa kaskazini, na hapo akafa mtu wa kwanza. Wanachuo walikimbia kufunga malango ili wanavijiji wasiingie. Jua likikaribia kuzama, wanavijiji wanaosemekana kufika 2,000 walivunja lango la magharibi, mbele yao bendera nyeusi. Wanavijiji walitoka wapi na hasira hiyo? Hawakuwa na nyumba za kupangisha. Maelezo ya upande wa chuo yanasema viongozi wa mji waliwatia moyo kwa fedha. Inawezekana. Lakini fedha peke yake haimtoi mkulima shambani mwezi wa Februari na kumfanya abebe bendera. Nahisi sheria ya ujira ilikuwa imeshafanya nusu ya kazi hiyo.

Usiku huo na kesho yake nyumba za wanachuo zilivunjwa moja baada ya nyingine. Vitabu vilichanwa, chakula kikaporwa, waliojificha wakatolewa na kuuawa. Maiti nyingine zilitupwa vyooni na kwenye majalala. Baadhi ya wakleri, kwa mujibu wa maelezo hayohayo, walichunwa ngozi ya utosi pale waliponyolewa. Hili la utosi linaniambia zaidi kuliko idadi ya waliokufa. Mtu mwenye hasira ya bei ya nyumba hupiga, huchoma, hupora. Anayechuna utosi ametafuta sehemu ya mwili ambako kinga ya sheria imeandikwa, akaiondoa kwa kisu. Ulikuwa ukatili usio na utetezi, na sitautafutia. Ila haukuwa wa upofu. Waliofanya vile walijua wanachokitafuta.

Walikufa wangapi? Jibu lililozoeleka ni wanachuo 63 na wenyeji wapatao 30. Tazama namba hizo mbili zilivyokaa. Upande mmoja una hesabu kamili hadi mtu wa mwisho; upande wa pili una makadirio. Tofauti hiyo haitokani na ufundi wa kuhesabu. Chuo kilikuwa na waandishi wanaojua Kilatini, kilikuwa na askofu, kilikuwa na njia ya kumfikia mfalme, na kilikuwa na sababu ya kuandika. Hata simulizi ndefu inayotegemewa zaidi ilipangwa na msomi wa Oxford wa karne ya 17, Anthony Wood, mtoto wa mji huohuo ambaye Merton, chuo alichosoma, ilikuwa ng'ambo tu ya barabara kutoka nyumbani kwao. Mwoka mikate hakuacha hati.

Sasa tuje kwenye hukumu, kwa kuwa humo ndimo ugomvi ulimokusanywa na kuhifadhiwa. Askofu wa Lincoln, John Gynwell, aliuwekea mji adhabu ya kanisa: misa, ndoa na maziko ya heshima vikasimama kwa zaidi ya mwaka. Meya na wasaidizi wake walipelekwa gerezani Marshalsea. Mji ukatozwa faini ya maki 500, zaidi ya pauni 330 za wakati ule. Pande zote mbili zilitakiwa kwanza kumrudishia mfalme haki zao ili azipange upya, na ni hapo mtu alipoona upepo unavuma kwenda wapi. Chuo kilirudishiwa chake upesi, na nyongeza juu.

Nyongeza hiyo iliandikwa kwenye hati ya tarehe 27 Juni 1355. Kabla yake, ukaguzi wa mkate na bia ulikuwa wa pamoja kati ya meya na mkuu wa chuo. Baada yake ukawa wa mkuu wa chuo peke yake, pamoja na mvinyo, mizani na vipimo, uwezo wa kuwaadhibu walanguzi na wauza nyama na samaki waliooza, na hata usimamizi wa usafi wa barabara. Chukulia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinyang'anye kazi ya Wakala wa Vipimo, kiende Mwenge na Manzese kupima kilo za sukari, kimtoze faini muuza samaki, kisha muuza samaki akikata rufaa aikate mbele ya mkuu wa chuo hichohicho. Ndivyo Oxford ilivyoishi, kizazi hadi kizazi. Wanachuo walipoteza watu wengi zaidi katika siku zile tatu, na chuo kikaondoka na mji wenyewe. Wanaoifikiria historia ya Oxford kama historia ya vitabu na mabishano ya falsafa huisahau hati hii ya mikate, ambayo kwa maoni yangu iliujenga uwezo wa chuo kuliko maktaba yoyote ya karne ile.

Bado hapakutosha. Mwaka 1357 ilikubaliwa kwamba kila mwaka, siku ya Mtakatifu Skolastika, meya, wasaidizi wake wawili walioitwa mabeilifu, na wenyeji 60 wenye hadhi waende Kanisa la Mtakatifu Maria, kanisa la chuo, wahudhurie misa ya kuwaombea wanachuo waliouawa, na kila mmoja aweke peni moja altareni. Peni 40 kati ya hizo zilikwenda kwa wanafunzi maskini. Jumlisha watu hao: 63. Namba ileile ya marehemu wa upande wa chuo. Wapo wanahistoria wanaoshuku kwamba idadi ya wafu ilizaliwa na idadi ya peni, wala si kinyume chake, nami naelekea kuwaamini. Kitu kikirudiwa kanisani kila mwaka hugeuka kuwa hesabu.

Peni moja haikumfilisi mtu. Mfikirie fundi viatu wa mwaka 1557, aliyezaliwa baada ya wote waliohusika kuoza kaburini, akivaa nguo zake bora asubuhi ya baridi ya Februari, akipita mbele ya vijana wanaomcheka njiani, akapige magoti kwa kosa la watu asiowajua. Baadaye Uingereza iliuacha Ukatoliki na misa ya wafu ikapigwa marufuku, lakini sherehe hii haikuachwa. Ibada ya aina nyingine ikawekwa mahali pake na peni zikaendelea. Dini ya nchi nzima ilibadilika kabla ya toba ya Oxford.

Ipo hoja ya kuitetea toba hiyo, na si ya kipuuzi: mauaji makubwa yanahitaji kukumbukwa, na bila sherehe ile wale vijana wangesahaulika. Ningeikubali kama wale wenyeji 30 wangewekwa kwenye sala hizohizo. Hawakuwekwa. Ukumbusho unaomtaja maiti mmoja na kumwacha mwingine aliyelala mtaa uleule ni risiti ya ushindi, na kila aliyeweka peni yake aliijua hivyo. Hii ndiyo sababu mameya kadhaa walijaribu kuikwepa, na ndiyo sababu chuo kilishikilia isikwepwe.

Cambridge inaonyesha wenyeji walivyofikiri walipopata nafasi ya kuchagua shabaha. Mwaka 1352 vyama viwili vya wenyeji wa mji huo vilichanga fedha zao na kuanzisha chuo cha Corpus Christi, kwa matumaini ya kuombewa na kuwa na chao ndani ya chuo kikuu. Katika maasi ya wakulima ya Juni 1381, chuo hichohicho kilivamiwa na kuporwa na watu wa mji, kwa sababu kufikia hapo kilikuwa kimekuwa mwenye nyumba anayedai kodi mjini kote. Waliovamia walikusanya hati na sheria za chuo kikuu, wakazichoma hadharani sokoni. Mwanamke mzee aliyetajwa kwa jina la Margery Starre alichota majivu akayapeperusha, akisema elimu ya wakleri na ipotelee mbali. Kauli yake husimuliwa kama ushahidi wa ujinga. Mimi naona mwanamke asiyejua kusoma aliyeelewa barabara ni kitu gani kilichokuwa kikimkamua. Hati zile ndizo zilizosema nani anapanga kodi, nani anahukumu, nani anashika mizani. Mwaka uliofuata mfalme aliandika nyingine, na safari hii akaupa chuo kikuu usimamizi wa soko la chakula na vinywaji, kama ilivyokuwa Oxford.

Toba ya Oxford ilikoma mwaka 1825, mji ulipokataa kuendelea nayo na chuo kikakubali kuufungua. Karne nzima na ushee ikapita tena. Tarehe 10 Februari 1955, ghasia zikitimiza miaka 600, meya alipewa shahada ya heshima na makamu mkuu wa chuo akafanywa mwananchi wa heshima wa mji. Magauni yalivaliwa, hotuba zikatolewa. Sherehe nzuri, na iliyochelewa.

Lakini mwaka huohuo wa 1825 Bunge lilipitisha sheria iliyoviruhusu vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge kuajiri askari wao. Wale wa Oxford walikuwa na mamlaka ya polisi ndani ya eneo la chuo na maili nne kulizunguka, yaani karibu mji wote, na juu ya watu ambao hawakuwa wanachuo. Waliendelea na kazi baada ya vita viwili vya dunia, baada ya zile shahada za heshima za 1955, hadi karne ya 21. Mwaka 2002 wafanyabiashara wa katikati ya mji walimwandikia mbunge wao kulalamika kwamba haifai askari wa chuo kuwa na uwezo juu ya raia wasio wa chuo. Chuo kikapiga hesabu ya gharama za kuwafundisha askari hao kwa viwango vya polisi wa kisasa, kikaona ni ghali mno, na mwaka 2003 kikavunja kikosi chao.